«ROSA MISTIKA» NA MAPENDO NYUMA YA KUVUNJIKA



Pengine mtashangaa kuona katika kurasa zetu shauri juu ya kitabu cha mapendo. Tumezoea kusoma hapa juu ya liturjia, juu ya mafundisho ya wakatekumeni, juu ya maisha ya watakatifu. Lakini kitabu hiki kimeandikwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili chepesi, na kila kijana wa Kasongo au wa Kabambare aliyejua kusoma aweza kukisoma bila mwalimu. Tena mambo yanayosemwa humo ndiyo yale yanayoletwa na wakatekista kwetu kila juma: uchumba umevunjika, binti amebaki nyumbani kwa wazazi wake na aibu, na watu wanauliza kama ataolewa tena. Basi padri asiyependa kufikiri juu ya kitabu hiki, sharti atafikiri juu ya mambo yenyewe, na pengine atafikiri upesi mno.

Nasema mara moja lile ninaloona. «Rosa Mistika» ni kitabu chenye nguvu, kimeandikwa na mtu mwenye macho. Lakini pale nilipokingojea zaidi, kimeniangusha moyo. Kinatupeleka mpaka mlango wa swali kubwa: je, mtu aliyevunjwa katika mapendo aweza kupendwa tena? Kiisha kinafunga mlango ule kwa haraka. Nataka kuonyesha namna gani, na kwa sababu gani neno hili si dogo.

I. Mwandishi na kitabu chake

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika ziwa Victoria. Alisoma katika seminari ya Nyegezi, karibu na mji wa Mwanza, kisha katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Nyuma yake akafundisha yeye mwenyewe katika chuo kikuu, mu Tanzania na baadaye mu Botswana. Alifariki mwaka 2020. Aliandika mashairi na hadithi ndefu, zile ambazo Watanzania wanaziita riwaya. «Rosa Mistika» ni riwaya yake ya kwanza. Ilitoka mwaka 1971.

Kila mseminari analijua jina hili. Ni sifa moja ya Bikira Maria katika Litania ya Loreto, ile tunayoiimba mwezi wa tano na mwezi wa kumi. Mwandishi amempa binti wa kijijini jina la Mama wa Mungu, na hapana shaka amefanya hivi kwa kusudi. Kuna watu waliochukia. Mu Tanzania kitabu kilikatazwa mashuleni nyuma ya kutoka, sababu kilisema wazi mambo ya mwili ambayo watu walizoea kuyasema gizani. Baadaye kikarudishwa. Mimi siungani na wale waliokikataza. Mtu anayetaja dhambi kwa jina lake si mwalimu wa dhambi. Kosa la kitabu hiki, kama ninavyoliona, halimo katika yale kinayoyasema. Limo katika yale kisiyoyasema.

II. Hadithi kwa ufupi

Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, katika kijiji kile kile cha Namagondo. Baba ni mlevi, na mkono wake ni mzito. Siku moja Rosa anapokea barua ya kijana aitwaye Charles. Ni barua ya mapendo tu. Zakaria anaijua, anampiga binti wake kupita kiasi, na kumtia haya mbele ya watu. Toka siku ile Rosa anaogopa wavulana kama mtu aliyeumwa na nyoka anavyoogopa kamba.

Kisha anakwenda shule ya wasichana mu Mwanza. Kule, mbali na fimbo ya baba, woga ule hauna tena mlinzi. Kijana mmoja, Deogratias, anamdanganya na kumwacha. Nyuma ya Deogratias, Rosa anaanguka mara nyingi. Anafika mu Morogoro kujifunza kazi ya ualimu, na kule pia maisha yake yaendelea kuharibika. Anatoa mimba. Halafu anageuka. Anarudi kwao, anafanya kazi yake, anataka kuishi vizuri. Na hapo yule Charles wa barua ya kwanza anatokea tena. Wanapendana. Wanataka kuoana.

Msomaji anapumua. Anasema moyoni mwake: sasa taabu ya binti huyu imekwisha. Lakini Charles anajua kwamba Rosa si bikira, na anavunja uchumba. Rosa anajiua. Mwishoni kabisa mwandishi anatupandisha mbinguni: baba na binti wanasimama mbele ya Mungu, na shauri ni juu ya kujua nani mwenye kosa.

III. Mazuri ya kitabu

Kwanza tutoe sifa pahali pa sifa. Sijui kitabu kingine cha Kiswahili kinachoonyesha wazi hivi matunda ya fimbo. Wazazi wengi wa kwetu wanaamini kwamba binti aliyepigwa vikali atakuwa binti safi. Kezilahabi anawajibu bila kuhubiri. Anatuonyesha binti ambaye hakufundishwa kupenda wala kuchagua. Alifundishwa kuogopa tu. Na woga ni mlinzi mbaya, sababu unabaki nyumbani pamoja na yule anayeogopwa. Mtoto akitoka, woga hautoki naye. Mwalimu wa teolojia ya maadili aweza kusema jambo hili kwa saa nzima; mwandishi amelisema kwa maisha ya mtu mmoja.

Pili, kitabu hakidanganyi juu ya dhambi. Katika hadithi nyingi za mapendo dhambi ina harufu nzuri. Hapa haina. Deogratias hana uzuri wowote unaodumu. Yeye ni mtu wa kupita. Msomaji kijana hatamaliza kurasa zile na hamu ya kumfuata.

Tatu, lugha. Ndugu waseminari wanaoandika mahubiri kwa maneno marefu wasome kitabu hiki hata kwa sababu hii moja. Sentensi ni fupi. Watu wanasema kama watu.

IV. Pale kitabu kilipoanguka

Sasa nafika kwa neno lenyewe. Fikirini kidogo juu ya Charles. Yeye ndiye mwanzo wa mambo: barua yake ndiyo iliyoleta fimbo. Yeye ndiye mwisho wa mambo: neno lake ndilo lililoleta mauti. Hadithi yote imesimama kati ya karatasi ya Charles na kinywa cha Charles. Kwa hiyo tungengojea mwandishi amchunguze mtu huyu sana, kama alivyomchunguza Zakaria. Tungengojea kuuliza: alipenda nini toka siku ya barua? Alimpenda Rosa, ama alipenda sanamu ya binti mdogo aliyoiweka moyoni mwake miaka mingi? Alipojua ukweli, alilala usingizi usiku ule? Alimwendea mtu mzima kutafuta shauri? Alijiuliza juu ya maisha yake mwenyewe?

Kwa macho yangu, kitabu hakikai na maswali haya muda wa kutosha. Ulevi wa baba umepewa kurasa nyingi. Ugumu wa mchumba umepita upesi, kama jambo linalojulikana tayari: binti si bikira, basi uchumba umekwisha. Na hata mbinguni, ambapo mambo yote yanapaswa kufunuliwa, shauri ni la Zakaria na Rosa. Yule wa tatu amebaki duniani, hakuna aliyemwita. Mtu atoka kitabuni akijua sana kosa la mzazi, na akidhani kwamba Charles alifanya lile ambalo kijana yeyote angefanya.

Mtu atanijibu: «Abé, usidai kila hadithi iishe na arusi. Kuna hadithi za kulia, na mwandishi si katekista.» Ni kweli. Wayunani wa kale walitunga michezo ya machozi, na tunaisoma mpaka leo katika seminari. Mimi sidai arusi. Sidai Charles awe mtakatifu. Kama mwandishi anataka Charles amkatae Rosa, amkatae. Lakini machozi ya kweli yanataka njia mbili. Lazima tuone kwamba mambo yangaliweza kuwa mengine, na kwamba mtu amechagua vibaya. Pasipo njia ya pili hakuna huzuni ya kweli. Kuna jiwe linaloanguka kutoka juu, nasi tunalitazama likianguka.

Tazameni tena kugeuka kwa Rosa. Binti huyu ameanguka sana, kisha amesimama. Kwetu sisi mapadri, hapa ndipo penye uzito wote. Namna gani mtu anasimama? Nani alimshika mkono? Alilia wapi? Alisali namna gani? Alijisamehe? Kitabu chatuambia kwamba amegeuka, lakini hakitupi muda wa kuishi naye katika kugeuka kule. Kuanguka kwake kumesimuliwa polepole. Kusimama kwake kumesimuliwa mbio. Kwa hiyo Charles anapomkataa, Rosa hana kitu chini ya miguu yake. Mwandishi hakumjengea. Amekufa kwa neno la Charles, ndiyo. Lakini amekufa pia kwa sababu kitabu kilimpa tumaini moja tu, tumaini la kuolewa na mtu huyu.

Na hili ndilo neno linaloniogopesha. Binti wa miaka 18 aliyeachwa, akisoma kitabu hiki peke yake usiku, atasikia nini? Atasikia kwamba wanaume wadanganyifu ni wabaya, vema. Atasikia kwamba baba mkali aharibu, vema. Lakini chini ya maneno haya atasikia pia sauti nyingine: aliyevunjika mara moja hana kesho. Sauti hii inasemwa tayari katika vijiji vyetu. Hatukuhitaji kitabu kiirudie bila kuijibu.

V. Kosa la upande mwingine

Labda mtu atasema: basi tuwape vijana vitabu vya furaha. Viko. Kampuni Harlequin ilianzishwa mu Canada mwaka 1949; mwaka 1971, mwaka ule ule wa «Rosa Mistika», ikanunua nyumba ya Mills & Boon ya London; na toka mwaka 1978 inatoa vitabu vyake kwa Kifaransa. Vitabu hivi vidogo vya mapendo vimefika pote ambapo watu wanasoma Kifaransa. Anayevisoma ajua njia yao mbele ya kufungua ukurasa wa kwanza. Bibi kijana ameachwa. Analia. Anakwenda pahali pengine. Kule anakutana na bwana mzuri, mwenye kazi nzuri na kiburi kidogo. Wanachukiana kurasa 50, kisha wanapendana. Yule wa kwanza amesahauliwa kama mvua ya jana.

Mtu aweza kudhani kwamba vitabu hivi ni kinyume cha «Rosa Mistika». Katika kimoja hakuna mapendo nyuma ya kuvunjika. Katika vingine mapendo yanakuja daima, tena upesi. Lakini mimi naona kwamba vinaungana katika kosa moja. Vyote havijui muda wa katikati. Rosa anakufa mbele ya muda ule kuanza. Bibi wa kitabu kidogo anauruka kama mtoto anavyoruka mtaro. Hakuna anayekaa humo. Na sisi, ndugu, tunajua kwamba maisha ya watu wetu yamo humo: miezi ile, pengine miaka ile, kati ya mapendo yaliyovunjika na mapendo yanayoweza kuzaliwa tena. Kazi yetu yote ya wachungaji ni pale.

Tena vitabu vile vidogo vina sumu yao. Vinafundisha kwamba dawa ya mwanaume ni mwanaume mwingine. Binti aliyeachwa anatafuta mara moja mtu wa kumfuta machozi, na yule anayekuja mara moja si Boazi daima. Mara nyingi ni Deogratias.

VI. Biblia inavyosimulia

Waseminari wasidhani kwamba kusimulia mapendo ni kazi ya mapagano. Biblia inasimulia, na yatupasa kutazama inavyofanya, hata kwa macho ya ufundi tu.

Someni kitabu cha Tobia, sura ya tatu. Sara, binti wa Raguel, ameolewa mara saba, na mara saba bwana amekufa usiku wa arusi. Hakuna aibu kubwa kuliko ile. Mtumishi wa nyumba anamtukana. Sara anapanda chumbani akifikiri kujinyonga. Yeye na Rosa wamesimama pahali pamoja, ndugu. Lakini mwandishi wa Biblia hapiti haraka. Anamwacha Sara afikiri. Sara amkumbuka baba yake, na uchungu ambao angemletea. Anageuka kuelekea dirisha, anasali. Anamwambia Mungu waziwazi kwamba amechoka kuishi. Sala yake haina maneno matamu. Na Mungu hamkemei.

Kisha tazameni namna mapendo mapya yanavyokuja. Tobia hadanganywi. Anajua habari za wale saba. Yeye mwenyewe aitaja, na anaogopa. Anamwoa Sara akijua. Usiku wa arusi wanasali pamoja mbele ya kulala. Wakati ule Raguel, baba, amekwenda kuchimba kaburi, sababu hakuamini kwamba mkwe ataona asubuhi. Tobia akionekana mzima, watumishi wanaamriwa kufukia kaburi mbele ya mapambazuko. Mwandishi huyu hakuficha woga, hakuficha kaburi. Na kwa sababu hakuvificha, furaha yake tunaiamini.

Someni pia kitabu cha Ruti. Ruti ni mjane, mgeni, mtu wa Moabu. Mbele ya kupata bwana mpya, anapata kazi: anaokota masuke nyuma ya wavunaji, siku nyingi, mavuno ya shayiri na mavuno ya ngano. Anapata mama, yaani Naomi. Boazi anakuja kwa mwendo wa polepole, katikati ya kazi, na mambo yanamalizika mlangoni mwa mji, mbele ya wazee. Na kumbukeni: kulikuwa na ndugu mwingine wa karibu zaidi, aliyekuwa na haki ya kwanza. Alikubali shamba, aliposikia kwamba sharti amchukue na Ruti, akakataa, sababu aliogopa kuharibu urithi wake. Yeye ndiye Charles wa hadithi hii. Biblia inafanya nini naye? Haimtukani. Haimwiti mwuaji. Inakataa tu kutaja jina lake. Ametokea, amekataa, amevua kiatu, amekwenda. Ruti hakufa kwa kukataliwa na mtu yule, sababu maisha yake hayakuwa yamefungwa kwake peke yake. Na mwinjili Mateo amemwandika Ruti katika ukoo wa Yezu Kristu, pamoja na Tamari, Rahabu, na yule aliyekuwa bibi wa Uria. Hakuna hata mmoja kati ya wanawake hawa wanne aliyefika kwa njia iliyonyooka.

Huu ndio ufundi niliokosa kumwona katika «Rosa Mistika»: kumwacha aliyevunjika asali, afanye kazi, apate mtu wa kukaa naye, na kumfanya yule anayempenda ajue ukweli mbele ya kumpenda.

VII. Mambo ya sheria na ya uchungaji

Kutoka kwa hadithi hii wakatekista wataniuliza maswali. Nataka kuyajibu kwa ufupi.

Je, Charles alikuwa na haki ya kuvunja uchumba? Ndiyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1062, inasema kwamba ahadi ya ndoa haimpi mtu haki ya kumlazimisha mwenzake kufunga ndoa. Lakini kanuni hiyo hiyo inajua kwamba kuvunja ahadi kwaweza kuleta hasara, na hasara yaweza kudaiwa ilipwe. Kwa hiyo uhuru wa kuvunja si ruhusa ya kuvunja kwa ukatili. Na desturi zetu zinajua jambo hili. Kwa familia nyingi za kwetu uchumba hauvunjwi na vijana wawili tu njiani. Wazee wanakaa, mali inahesabiwa, inayorudi inarudi, inayobaki inabaki, na neno linafungwa mbele ya watu. Wengine wanaona hapo shauri la mbuzi na feza tu. Mimi naona dawa pia: binti anajua kwamba mambo ya zamani yamekwisha kweli, na watu hawana tena ruhusa ya kuyafukua. Rosa hakupata hata wazee wale.

Je, Rosa angemwambia Charles ukweli? Kweli ni msingi wa ndoa, na kanuni 1098 inaonyesha kwamba hila kubwa yaweza kuharibu ukubali wenyewe. Lakini ukweli unaambiwa mtu anayeweza kuubeba. Tuwafundishe wachumba wote wawili kusema ukweli, mwanaume kwanza. Katika mafundisho ya ndoa mara nyingi tunamwuliza binti tu. Kijana anayerudi kutoka machimbo ya zahabu ya Namoya, nani anamwuliza alivyoishi kule? Tukipima mwili wa mmoja na kuufumba macho wa mwingine, tumefanya kama Charles, hata kama tumevaa stola.

Je, dhambi ya kutoa mimba inamfungia mtu mlango? Hapana. Ni dhambi nzito, na Kanisa halikubadili neno lake. Lakini mwaka 2016, mwishoni mwa Mwaka wa Huruma, Papa Fransisko aliwapa mapadri wote ruhusa ya kuondolea dhambi hii katika kitubio. Binti asiambiwe na katekista aende kutafuta askofu mbali. Aletwe kwa padri aliye karibu, kwa upole.

Je, aliyejiua? Wakati kitabu kilipotoka, sheria ya mwaka 1917 ilikuwa bado na nguvu, nayo ilimnyima maziko ya Kanisa mtu aliyejiua kwa kusudi, kama hakuonyesha toba. Sheria ya mwaka 1983 haikumweka tena katika wale wanaokatazwa. Na Katekisimu ya mwaka 1992 inatufundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wao, sababu Mungu ana njia zake. Basi tuwasindikize wazazi wao, tusiwaongezee jiwe.

VIII. Juu ya Maniema yetu

Kwa nini nasema kwamba neno hili si dogo kwetu? Sababu nchi yetu inajua kuvunjika kuliko nchi nyingi. Katika Nyangwe hii, tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, David Livingstone aliona kwa macho yake wanawake wa soko wakipigwa bunduki ukingoni mwa Lualaba. Katika nyakati zile za biashara ya watumwa, mabibi walinyang'anywa mabwana wao, na wachumba wakatengwa kwa kamba. Kiswahili tunachosali nacho leo kilifika kwetu kwa njia ile ile. Na nyuma ya mwaka 1996, vita vikapita tena hapa, na wanawake wengi wakatendewa jeuri ambayo hawakuitaka. Wengine walikataliwa na mabwana wao waliporudi nyumbani, kama kwamba wao ndio waliokosa.

Kama neno la mwisho juu ya mwanamke ni lile la Charles, basi wanawake hawa wote wamekwisha kuhukumiwa, hata wasiotenda kosa lolote. Lakini tunajua kwamba sivyo. Tunajua mabwana waliowapokea mabibi wao, na vijana waliooa wakijua yote. Hakuna aliyeandika habari zao. Hadithi ya Rosa imeandikwa, na imeandikwa vizuri. Hadithi ya Boazi wa Kabambare bado haijaandikwa. Ni kazi kwa mmoja wenu, ndugu waseminari, mwenye kalamu.

Sasa neno la kazi. «Rosa Mistika» kisomwe? Ndiyo, kisomwe. Kisiwe kitabu cha kufichwa chini ya godoro. Lakini kisisomwe na kijana peke yake, na zaidi kisipewe binti aliye katika uchungu wa kuachwa. Katika seminari kubwa kisomwe pamoja na sura ya tatu mpaka ya nane ya Tobia, na mwalimu aulize maswali matatu: Charles alimpenda nani? Rosa alikosa mtu gani wa kukaa naye? Nani, katika parokia hii, yuko leo katika muda ule wa katikati? Na wakatekista wanaoongoza mafundisho ya wachumba waisimulie hadithi hii mbele ya vijana wanaume, siyo mbele ya mabinti tu, kisha wawaachie nafasi ya kujibu.